Petroli imechakachuliwa au ina maji? Napimaje, na nilalamike kwa ushahidi gani?

Kibanda_Moro: Wakuu habari za jioni. Nina IST ya biashara hapa Morogoro. Leo asubuhi nimejaza petroli sheli moja, sijafika mbali gari ikaanza kumisi, mlimani ikazima kabisa na abiria ndani. Plagi mpya, fundi kacheki pampu ni nzima. Nimerudi pale naambiwa mafuta yao safi, gari langu ndilo bovu. Risiti ya EFD ninayo. Nawezaje kupima mwenyewe? Imeniuma, hii gari ndiyo ada ya watoto.

FundiNozeli: Pole sana mkuu. Kuzima muda mfupi baada ya kujaza, mimi nashuku maji kwanza. Mvua hizi yanaingia kwenye matenki ya chini kupitia mifuniko. Fundi wako atoe nusu lita kutoka chini ya tenki, injini ikiwa imepoa, aweke kwenye chupa nyeupe ya kioo. Iache itulie robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utaona mstari. Yakiwa kidogo, inamisha chupa, utaona matone yanaviringika kwenye kona. Sigara na jiko viwe mbali kabisa!

Mama Kilosa: Mimi nilifundishwa kudondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Likikauka bila doa, petroli ni safi.

Maabara_TZ: Dada yangu, karatasi inasaidia kiasi. Petroli inakauka upesi, mafuta ya taa, ambayo wachakachuaji huchanganyia, yanaacha doa la mafuta. Ila yakichanganywa kidogo doa halionekani vizuri, na chupa haitakuonyesha chochote kwa sababu yanachanganyika kabisa na petroli. Hata kipima uzito kinadanganyika: lita ya petroli ni kama kilo 0.72 hadi 0.78, ya mafuta ya taa ni karibu 0.8, tofauti ni ndogo mno. Maabara tunayachemsha. Petroli inaisha kuchemka kwenye nyuzi 210 hivi, mafuta ya taa yanaendelea kupita hapo, mkia huo ndio unaomuumbua mchakachuaji.

Dereva wa Tunduma: Na vinasaba je, ile alama ya kemikali inayowekwa kwenye mafuta? Si ndivyo vya kukamatia wachakachuaji?

Maabara_TZ: Ndiyo, tangu 2010. Vinawekwa kwenye mafuta ya soko la ndani yaliyolipiwa kodi. Ukichanganya na ya transiti (yanayopita kwenda nchi jirani) au ya taa, kiwango chake kinashuka na kifaa cha mkaguzi kinaonyesha palepale. Bajeti ya 2011/12 nayo ilipandisha sana kodi ya mafuta ya taa, ule mchezo ukapungua faida. Lakini vinasaba havikamati maji, kwa hiyo mkuu wa IST usitegemee hapo.

Kibanda_Moro: Nimefanya ya chupa. Maji yapo, mstari unaonekana wazi! Sasa naanzia wapi?

FundiNozeli: EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na uwahi kabla wenye sheli hawajayanyonya hayo maji. Wape risiti, saa uliyojaza na namba ya pampu. Wakaguzi wanapaka dawa ya maji kwenye fimbo na kuizamisha kwenye tenki la sheli, ikigusa maji inabadilika rangi. Sampuli yako itawaelekeza tu, ushahidi mzito watauchukua wenyewe pale. Wakala wa Vipimo ni wa lita pungufu, usipoteze siku huko. Gari usiliwashe mpaka tenki lisafishwe, na gharama zote za fundi dai risiti.

Kibanda_Moro: Asanteni sana wakuu. Chupa nimeifunga na kuiweka stoo nje. Kesho alfajiri nawapigia.