Barua za babu za Wenela zimeshika ukungu, nizilamineti au nifanyeje?

Binti_Rungwe:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka maana hapa nyumbani tumeshaanza kununiana. Babu mzaa baba alienda Wenela (lile shirika lililokuwa linaandikisha vijana kwenda migodi ya Afrika Kusini) miaka ya hamsini, akafanya kazi migodi ya dhahabu kule Joburg, na bibi alitunza kila barua aliyotumiwa. Ziko 41, nimezihesabu juzi. Miaka yote zilikaa kwenye kopo la biskuti darini jikoni, pale pale juu ya mafiga. Bibi alipofariki jiko likabomolewa, baba mdogo akazihamishia nyumba mpya, akazitoa kwenye kopo akazifunga kwenye mfuko wa nailoni akasukumia uvunguni. Sasa Tukuyu mnaijua na mvua zake. Jumamosi nimefungua nakutana na harufu ya uvundo, nane hivi zimegandana, zingine zina madoa meusi na ya kijani, na moja wino umesambaa mpaka ukurasa umekuwa kama maji ya bluu ya kufulia.

Baba mdogo anataka zote ziende mjini zikalaminetiwe halafu kila mtoto agawiwe zake. Shangazi anasema zianikwe juani kama mahindi. Mimi nimewaomba wanipe wiki moja. Nifanyeje? Na kuna sehemu wanapokea vitu kama hivi?

Karani_Mstaafu:
Mwanangu, usilamineti. Hata moja. Nimekaa masjala miaka 26 na hilo ndilo kosa nililoliona likirudiwa na watu wenye nia nzuri kabisa. Ile plastiki inayeyushwa kwa moto na gundi yake inaingia ndani ya karatasi, haitoki tena, na kama karatasi ilikuwa na unyevu basi umeufungia humo humo na ukungu wake.

Juani pia hapana, pole shangazi. Jua linapausha wino na karatasi inakauka vibaya mpaka ukiikunja inakatika. Tafuta chumba kikavu chenye madirisha mawili, tandika karatasi nyeupe mezani, zilaze moja moja. Kama una feni igeuzie ukutani, isipulize barua zenyewe. Vaa barakoa, ukungu ule si wa kuvuta, na kama kuna mwenye pumu asiingie kabisa. Zikishakauka kabisa ndiyo utoke nazo nje kivulini, upanguse ukungu kwa brashi laini mpya ya rangi, taratibu, ukielekeza vumbi mbali na wewe. Usifute na kitambaa kibichi! Ule wino wa kalamu ya kuchovya au ya kujaza ukikutana na maji unaondoka, umeshaona mwenyewe.

Hizo nane zilizogandana usizibandue kwa nguvu. Kama bado ni mbichi zitie kwenye mfuko wa plastiki uziweke friza, baridi inasimamisha ukungu usiendelee, unapata muda wa kutafuta mtu anayejua. Kama zimekauka ziache hivyo hivyo kwanza.

Pini za stepla zenye kutu zitoe, ila usivute. Inua miguu ya pini kwa kisu butu upande wa nyuma, kisha ichomoe kutoka mbele.

Mhehe_wa_Ipogolo:
Karani kasema kweli tupu. Mimi barua ya mzee wangu aliyomwandikia mama kabla hawajaoana niliipeleka stationari nikalipa na hela nzuri nikaitundika sebuleni, nikajiona mjanja kuliko ndugu zangu wote. Baada ya miaka kadhaa mapovu yakaanza pembeni, kisha rangi ya chai ikaingia katikati, sasa hivi inasomeka salamu tu na jina la mama, habari yenyewe imekwenda. Na kabla ya hapo nilikuwa nimeiziba ilipochanika kwa selotepu, pale ndipo pameungua zaidi. Mama akiiangalia huwa ananiangalia na mimi.

Uyole_Dijito:
Dada usisahau kupiga picha KABLA hujagusa sana. Simu inatosha, kaa karibu na dirisha mchana, zima flashi, simu iwe sambamba na meza isiinamie upande. Piga mbele, nyuma NA bahasha, muhuri wa posta ndio unakwambia ilitoka lini na wapi hata kama babu hakuandika tarehe. Faili lipe namba na tarehe, siyo yale majina ya IMG. Nakala weka sehemu tatu, mojawapo isiwe Tukuyu. Na namba kwenye barua yenyewe andika kwa penseli, kwa wepesi, pembeni nyuma. Bik marufuku.

Glavu za pamba sio lazima kwa karatasi, zinakufanya uchane bila kujua, nawa mikono uikaushe vizuri basi.

mchoma_mahindi:
Sasa si mkishapiga picha mnatupa tu hayo makaratasi yenye uvundo? Mnajipa kazi bure

Karani_Mstaafu:
@mchoma_mahindi picha haikuonyeshi karatasi ilikunjwa mara ngapi ili iingie mfukoni, wala mahali kalamu ilipokandamizwa. Na simu ikianguka kwenye ndoo utamuuliza nani? Wamoravian walifika Rungwe 1891, barua walizokuwa wanatuma kwao bado zipo kwenye kumbukumbu za Herrnhut kule Ujerumani, mtafiti anakwenda anazishika. Za wamisheni tunazo, za vijana wetu waliokwenda Wenela ziko wapi? Hizi ndizo. Serikali iliufunga ule uandikishaji baada ya uhuru, kwa hiyo hakuna zingine zitakazoandikwa.

Binti, mahali pa kupokea: Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ipo tangu 1963, ofisi yake Upanga Dar. Kazi yao kubwa ni nyaraka za serikali lakini na za watu binafsi wanazungumza. Msikabidhi bila maandishi, na nakala mbaki nazo. Kwa sasa tafuteni boksi la kadibodi lenye kifuniko, kila barua ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa, siyo gazeti, gazeti lina asidi linageuka kahawia na kuambukiza. Boksi likae juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Na muziache kwenye mpangilio aliouacha bibi, hata kama unaona hauna maana.

Kuhusu lile dari la jikoni: moshi unachafua karatasi lakini ule moto wa kila siku ndio uliokuwa unakausha hewa na kufukuza mende na mchwa. Bibi alikuwa na stoo nzuri kuliko nyingi nilizofanyia kazi.

Binti_Rungwe:
Ndaga fijo (asante sana) baba, na wote. Baba mdogo nimemsomea ile ya Mhehe akacheka, kisha akanyamaza, akasema basi tuache. Jana tumetandaza 33 mezani. Shangazi aliyetaka kuanika ndiye aliyekaa nazo mpaka usiku, na ndiye aliyegundua kitu: miandiko ni mitatu tofauti! Anasema babu hakujua kuandika, alikuwa anamwambia mwenzake wa kambini anaandika. Barua tano za mwisho tu ndizo zina herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima, na chini ya kila moja jina lake limeandikwa mara mbili.

Zile nane ziko friza kwa jirani, chini ya samaki. Nimemwambia asizitoe hata umeme ukikatika.