Mrejesho: mabomba ya maji ya mvua kwenye chumba cha nyongeza

Wakuu, niliuliza kama naweza kuchomeka maji ya paa la chumba kipya kwenye bomba la choo lililo karibu. Karibu wote mlikataa, nami nikawasikiliza: mvua kubwa ingejaza mfumo na uchafu ungerudi ndani.

Nimelaza bomba la milimita 110 hadi kwenye shimo la kunyonya lililojazwa mawe, ambamo maji huzama ardhini, zaidi ya mita 5 kutoka kwenye msingi. Kilichotusumbua ni mteremko. Fundi alitaka kukadiria kwa macho. Nikagoma, tukavuta kamba na kutumia pimamaji, sentimita 1 kushuka kwa kila mita. Chini tumetandaza kokoto ndogo ili bomba lisikalie jiwe. Penye kona, badala ya kiungo kimoja cha nyuzi 90, tumeweka viwili vya 45 pamoja na chemba ya kuzibulia. (Aliyeshauri chemba, ahsante sana, majani yameshaanza kunasa humo.)

Kabla ya kufukia tulimwaga ndoo kadhaa kwenye gata. Kiungo kimoja kikavuja, mpira wake ulikuwa umejikunja. Tumeubadilisha. Mvua ya kutwa nzima bado haijanyesha. Ikija nitawaambia kama shimo linamudu.