Betri za 18650 na 21700 kwenye vepu: waya wa USB, chaja ya nje au pawabenki? (Ulinganisho)

mshipa_wa_shaba (mleta mada)

Wakuu, swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti, basi tulimalize hapa. Ukiwa na vepu (sigara ya umeme) ya betri za kutoa, uchaji kwa waya kwenye kifaa chenyewe au utoe betri uziweke kwenye chaja ya nje? Na betri za akiba zibebwe vipi?

Nazungumzia betri za lithiamu za duara, 18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65) na 21700 (21 kwa 70). Vepu za kutupa hazimo.

Betri hizi zikijaa zinasoma volti 4.2. Kifaa chenye akili hukata kwenye 3.0 hadi 3.2. Ikishuka chini ya 2.5 seli huanza kuumia kwa ndani: ikizama zaidi, shaba huanza kuyeyuka kutoka kwenye bamba lake, na ukiichaji tena inaganda pasipostahili na kutengeneza shoti ndogo ndani ya seli. Kwa hiyo zile chaja zinazojisifu "kufufua" betri ya sifuri, msizishangilie. Betri iliyolala chini ya volti 2 ni ya kutupa, hata kama chaja inaonyesha kijani.

Msimamo wangu ni chaja ya nje yenye nafasi zinazojitegemea, kama zinazotengenezwa na Xtar au Nitecore. Sababu kubwa ni vifaa vya betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo, yaani volti zao zinajumlishwa. Vingine vina sakiti ya kusawazisha, vingine vinatazama jumla ya volti 8.4 tu. Jumla ikitimia, moja inaweza kuwa 4.3 na nyingine 4.1, na wewe huoni chochote kwenye kioo. Kwenye chaja ya nje kila betri inajazwa kivyake mpaka 4.2, basi.

Pawabenki nimeiweka kwenye kichwa cha habari kwa sababu wengi wanaiuliza, lakini si njia ya tatu. Ni waya wa USB uleule, chanzo tu ndicho kimebadilika.

kombe_pwani

Mkuu kwa betri mbili nakubaliana nawe. Kwa kifaa cha betri moja sikubali. Hapo hakuna cha kusawazisha, na sakiti ya kampuni inayojulikana inachaji kwa ampia 1 au 2 na kukata vizuri. Kila ukitoa betri unaikwangua kwenye spring'i na kingo za kifuniko, ganda linachanika. Anayetoa betri kila siku kwa kisingizio cha usalama anaweza kuwa anatengeneza hatari nyingine.

Nirekebishe pia uvumi mmoja: kwamba chaja ya simu ya wati 33 au 65 "inasukuma" umeme na kuunguza vepu. Haisukumi. Chaja ya haraka hutoa volti 5 mpaka kifaa kiombe zaidi, na vepu nyingi haziombi. Tatizo halisi la Type-C ni kinyume chake: vifaa vya bei nafuu havikuwekewa vile vipingamizi viwili vya kilo-ohmu 5.1, kwa hiyo ukitumia waya wa C kwa C chaja haitambui kitu na haitoi umeme kabisa. Watu wanadhani kifaa kimekufa. Chukua waya wa A kwa C, kitachaji.

Chaja mbaya kweli ni zile nyepesi zisizo na jina, ambazo ndani yake upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 5 vimetenganishwa kwa nafasi finyu. Hapo haijalishi kifaa chako ni cha bei gani.

fundi_mita

Mnabishana kuhusu chaja wakati kinachounguza watu mapaja ni shoti. Nianze na umbo la betri, maana wengi hawalijui.

Kopo lote la chuma la 18650, kuanzia kitako mpaka kwenye bega la juu, ni upande hasi. Upande chanya ni kile kisahani kidogo cha katikati juu, na kati yake na bega kuna milimita chache tu. Kinachovitenganisha ni mpira wa ndani, kiduara cha karatasi ya kuhami na lile ganda jembamba la plastiki. Ganda likichanika juu, kipande cha chuma kinagusa kisahani na bega kwa pamoja, na betri inamwaga makumi ya ampia bila koili (ule waya wa vepu unaopata moto) kuhusika. Ndiyo maana mchano wa juu ni mbaya kuliko wa ubavuni, ingawa wa ubavuni nao unatisha kwenye vepu ya mwili wa chuma.

Kubadilisha ganda ni kazi ya dakika tano. Unahitaji ganda la kusinyaa kwa joto la 18650 (likiwa bapa lina upana wa karibu milimita 29.5 hadi 30, urefu 72) na viduara vipya vya karatasi. Chana ganda la zamani kwa ukucha au kipande cha plastiki, usitumie kisu. Kiduara kikiwa kizima kiache, kikiwa kimeraruka weka kipya kabla ya kuvika ganda. Vika, acha ziada sawa juu na chini, kisha pitisha drya ya nywele ukizungusha betri. Anza juu ili kiduara kishikwe. Kiberiti cha gesi hapana: kinaunguza ganda sehemu moja na kupasha seli moto. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika jina la seli na mwezi, maana ganda jipya halina maandishi.

Kopo likiwa na kibonyeo, au betri inanuka utamu-utamu kama rangi ya kucha, usivike ganda. Hiyo imekwisha.

Mama_Ampia

Nakazia kwa fundi_mita. Ila tusisahau kwamba betri nzima kabisa inaweza kuwa si ya kazi hiyo. Watu wananunua kwa kutazama mAh tu, yaani kiasi cha chaji inachohifadhi. Kwa vepu namba ya kwanza ni ampia za kuendelea, yaani umeme inaoweza kutoa mfululizo bila kupata moto kupita kiasi, mAh baadaye.

Hesabu yenyewe fupi. Kifaa chenye sakiti: gawanya wati kwa volti ya kukata, kisha kwa 0.9 ya ufanisi. Wati 60 kwa betri moja: 60 ÷ 3.2 ÷ 0.9 = karibu ampia 21. Wati 80 ni karibu 28. Betri mbili, gawa wati kwa mbili kwanza. Vepu isiyo na sakiti hesabu yake ni 4.2 gawanya kwa ohmu za koili: 0.2 inakupa 21, 0.15 inakupa 28, na hakuna kitu kitakachokata ukikosea.

Sasa linganisheni. Samsung 25R ni 2500mAh na ampia 20. Samsung 30Q ni 3000mAh na 15. LG HG2 ni 3000mAh na 20. Molicel P26A ni 2600mAh, kiwanda kinasema 35. Kwa 21700, Molicel P42A ni 4200mAh na 45. Mimi huwashauri watu wabaki chini ya namba hizo kwa angalau robo, kwa sababu betri ikizeeka upinzani wa ndani unapanda na joto linapanda nao.

dogo_wa_luthuli

Shikamoo Mama Ampia. Hizi za 9900mAh zinazouzwa bei ya chee je? Na zile ambazo mafundi wanazitoa kwenye betri za laptop?

Mama_Ampia

Marahaba mwanangu. 18650 ya 9900mAh haipo duniani. Za kawaida zinaishia 3500 hadi 3600. Ipime kwenye mizani ya sonara: seli halisi ina gramu 45 hadi 49. Ikicheza kwenye thelathini na kitu, ndani kuna seli ndogo na nafasi tupu.

Za laptop ni halisi, lakini zilitengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa kadhaa, nyingi hazipaswi kuvuka ampia 4 au 5. Tochi au taa ya sola, sawa. Vepu, hapana. Vilevile 18650 zenye sakiti ndogo ya ulinzi kitakoni ni ndefu kidogo, huenda zisiingie, na nyingi hukata umeme kabla vepu haijapata inachotaka. Watu wakiona imekata wanaibandua ile sakiti. Msifanye hivyo.

mshipa_wa_shaba

Niongeze la jozi. Betri mbili za kifaa kimoja zinunuliwe pamoja, aina moja, zichajiwe pamoja, zizeeke pamoja. Ziandike 1A na 1B, na kila ukizirudisha badilisha nafasi. Zikitoka kwenye kifaa zikipishana zaidi ya volti 0.1 mara kwa mara, ama moja imechoka ama mguso wa upande mmoja ni mchafu. Huku pwani chumvi na unyevu vinatia kutu kwenye spring'i. Pamba na spirit ya kusafishia vinatosha, kifaa kikiwa kimezimwa na betri nje.

Kwenye chaja chagua ampia 0.5 hadi 1 kwa 18650. Karatasi za kiwanda zinaruhusu zaidi, 25R hata 4, lakini chaja nyingi ndogo zenyewe ndizo zinapata moto kwa kasi hiyo na kupasha betri. Vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kuishika mkononi, chomoa na uipeleke nje sakafuni. Usichaji betri iliyotoka sasa hivi kwenye gari lililokaa juani, isubiri ipoe: kwa betri nyingi joto la kuchajia lisizidi karibu nyuzi 45.

nyali_swichi

Chaja ya nje ina adui mmoja ambaye hamjamtaja, umeme wenyewe. Unapokatika na kurudi, dakika ya kwanza volti inaruka. Tumieni kile kifaa cha kulinda friji au TV kinachochelewesha kabla ya kupitisha umeme, au chomoa mpaka utulie. Tena chaja nyingi zinakuja na pini mbili za duara, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Kusukuma pini mbili kwa kufungua tundu la juu kwa kalamu kunaacha mguso uliolegea unaotoa cheche. Adapta nzuri haishindi bei ya betri moja.

Mahali pa kuchajia ni juu ya vigae au sahani ya udongo, mbali na pazia na godoro, wakati mtu yuko macho. Seli ikianza kulia "ssss" na kutoa moshi, usiinamie: moshi huo una sumu na unashika moto. Kata umeme kwenye swichi kuu, toa watu, kisha maji mengi. Kufunika kwa blanketi au mchanga kunatunza joto ndani, na joto ndilo linalowasha seli ya jirani.

kombe_pwani

Kubeba sasa, maana huko hakuna ubishi mkubwa. Mfukoni pamoja na funguo au sarafu: kamwe. Mfuko wa silikoni wa betri moja hauchukui nafasi na unalinda ganda, ila mwingi unaacha kisahani cha juu wazi, kwa hiyo unafaa kwa kuhifadhi droo kuliko kwa safari. Kisanduku cha plastiki ngumu cha betri mbili ndicho bora, kiwe na ukuta wa kutenganisha na kifunge kwa kubana. Cha 21700 hakibadilishwi na cha 18650: 18650 ndani yake inacheza na kujikwangua. Huna kisanduku? Seloteipu juu na chini, kila betri kwenye kifuko chake. Kifaa nacho kizimwe kabisa kabla ya kuingia begini, kubofya mara tano kwa vingi, maana kitufe kikibonyezwa na daftari koili inaendelea kuwaka.

fundi_mita

Kwa wasafiri: tangu 2015 ICAO (shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga) imekataza vepu kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, na kuchaji vepu angani. Vepu na betri za akiba zote begi la mkononi, ncha zimefunikwa. Kikomo ni wati-saa 100 kwa betri, na 18650 ya 3000mAh ni volti 3.6 × ampia-saa 3.0 = wati-saa 10.8 tu. Mnaopita Dubai na Emirates, tangu Oktoba 1, 2025 pawabenki ni moja kwa abiria, chini ya wati-saa 100, na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege.

dogo_wa_luthuli

Na sheria ya Uganda au Doha, Qatar, inakuwaje? Na betri iliyokufa naitupa wapi?

fundi_mita

Uganda imepiga marufuku kuingiza na kuuza vepu kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, na Qatar nayo kwa sheria ya 2016. Kuwa na betri zilizofungwa vizuri hakukusaidii kama kifaa chenyewe hakiruhusiwi, hivyo ukielekea huko kiache nyumbani.

Betri mbovu: kama haina kibonyeo wala harufu na bado ina chaji, itumie kwenye tochi ndogo mpaka ifike karibu volti 3. Kisha funga ncha zote mbili kwa seloteipu, iweke kwenye kopo la udongo au bati nje ya chumba cha kulala. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea taka za umeme. Isiende kwenye shimo la taka linalochomwa moto.