Akdi Tanga Desemba, harusi Firenze Juni: tuanzie wapi?

Binti_Chumbageni
Habari za muda huu wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua Italia na taratibu zake.

Sote wawili ni raia wa Tanzania, Waislamu. Mimi nipo Dar, mchumba yupo Uingereza kikazi na ana kibali cha ukaazi. Akdi wazee wameshaipanga Desemba, Tanga. Juni tunataka ndoa ya serikali Firenze, kwenye ule ukumbi mwekundu wa Palazzo Vecchio, jengo la manispaa, kisha chakula cha jioni. Wageni 38: 24 wa Tanzania (sita kati yao ni wazee wa zaidi ya miaka 65), waliobaki wanatoka Uingereza na Oman.

Nataka kujua nyaraka za ndoa, viza za wazee, chakula cha halali, na kama Juni ni mwezi mzuri. Nawasilisha.

Karani_wa_Boma
Bibie, kabla ya nyaraka kuna kasoro kwenye mpangilio wenyewe. Akdi ya Desemba ndiyo ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawasawa na ya kanisani au ya bomani, na kuchelewa kuchukua cheti hakuifuti. Ikifika Juni nyinyi ni mke na mume.

Sasa tazama upande wa Italia. Kifungu cha 116 cha sheria yao ya kiraia kinamtaka mgeni alete tamko la mamlaka ya nchi yake kwamba hana pingamizi la kuoa au kuolewa. Wao huliita *nulla osta*. Kwa Mtanzania linapitia ubalozi wetu Roma, halafu linathibitishwa ofisi ya mkoa, Prefettura, kwa stempu ya euro 16. Utaombaje karatasi inayosema hujaolewa, na sheikh wa Tanga alishaandika cheti? Ama utanyimwa, ama utadanganya kwenye hati ya serikali.

Kwa hiyo chagueni moja. Ama ndoa ya kisheria ifungwe Firenze na akdi isubiri hadi baada ya Juni, ama akdi ibaki Desemba na Firenze iwe sherehe tu. Hiyo ya pili inawapunguzia nusu ya kazi: hakuna nulla osta, hakuna mkalimani wa lazima, hakuna foleni ya manispaa.

Binti_Chumbageni
Duh. Hili hakuna aliyetuambia, hata yule mratibu tuliyempata mtandaoni. Akdi haisogei, mzee hatakubali nisafiri na mtu kabla. Ina maana Palazzo Vecchio ndiyo basi?

Karani_wa_Boma
Kama mahali pa kufungia ndoa, basi. Wala hukosi kikubwa. Shughuli yenyewe ni fupi: afisa anavaa utepe wa rangi tatu za bendera, anasoma kifungu cha 143, 144 na 147 kuhusu wajibu wa wanandoa, mkalimani anatafsiri, mashahidi wawili wanatia saini, mnatoka. Wenzenu wa zamu inayofuata wako mlangoni na maua yao. Ua wa kwanza wa jengo hilo, ule wenye nguzo zilizonakshiwa, unaingilika bila tiketi. Pigeni picha hapo asubuhi na mapema.

Nyongeza kwa wengine watakaosoma uzi huu: mwanamke aliyeachika au kufiwa anaweza kuzuiwa kuolewa tena Italia kabla ya siku 300 kupita, isipokuwa mahakama iruhusu. Na bwana mwenye mke mmoja nyumbani asijisumbue kabisa.

Saba_Saba_Rd
Nikae kwenye viza, maana hapo ndipo harusi za namna hii zinapofia.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Sheria inawapa siku 15 za kuamua, wanaweza kuzivuta hadi 45. Muda wa kupata miadi haumo kwenye hesabu hiyo. Kwa harusi ya Juni, wazee wapeleke maombi Februari au mapema Machi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudi hata ukinyimwa. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000 na ifanye kazi nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Kosa kubwa la familia zetu: wiki moja kabla ya kuomba, mtoto anamwingizia mama shilingi milioni kumi ili akaunti "ionekane". Afisa anaona akaunti iliyokuwa na laki mbili mwaka mzima imevimba ghafla. Hiyo inaua ombi kuliko akaunti ndogo iliyonyooka. Kama ninyi ndio mnalipa, semeni ninyi ndio mnalipa: barua ya udhamini, taarifa za benki za mdhamini, vyeti vya kuzaliwa vya kuonyesha undugu. Mzee aonyeshe kinachomrudisha nyumbani: pensheni, hati ya nyumba, leseni ya duka, wajukuu anaoishi nao. Cheti cha ndoa cha Desemba kitawasaidia sana, kwa sababu sherehe inakuwa na msingi unaoshikika.

Mchumba aombe huko huko Uingereza anakoishi. Ukaazi wa Uingereza haumwingizi Schengen. Wa Oman nao wasijisahau: pasi ya Oman inahitaji viza, ya Emirates haihitaji.

Tiketi za ndege msilipe kabla ya viza. Wekeni nafasi inayofutika.

Fundi_Ratiba
Juni ni mwezi mzuri, lakini una mashimo matatu. Tarehe 2 ni sikukuu ya Jamhuri. Katikati ya mwezi kuna maonyesho ya mavazi ya kiume ya Pitti Uomo pale Fortezza da Basso, na hapo hoteli za Firenze hujaa na bei kupanda. Tarehe 24 ni sikukuu ya Yohane Mbatizaji, mlinzi wa mji: ofisi za manispaa zimefungwa, fataki usiku, watu wamejaa kingo zote za mto Arno. Tafuteni wiki ya kwanza baada ya tarehe 2, au katikati ya wiki. Mwisho wa Juni joto linaanza kuwa la kuwaangusha wazee, na mawe ya mji hulishika hadi usiku.

Magari: katikati ya mji ni eneo la magari yenye kibali tu, ZTL, na kila mlango una kamera. Siku za kazi linafungwa saa 1:30 asubuhi hadi saa 2 usiku, Jumamosi hadi saa 10 jioni, na kiangazi kuna usiku pia. Mjomba akikodi gari Roma na kufuata ramani ya simu hadi hotelini, faini itamfuata nyumbani miezi kadhaa baadaye, moja kwa kila kamera aliyoipita. Wageni wote waje kwa treni: Roma Termini hadi Santa Maria Novella ni saa moja na nusu hivi kwa treni ya kasi. Uwanja wa ndege wa Firenze wenyewe una njia fupi ya kurukia. Upepo ukikaa vibaya ndege inapelekwa Pisa au Bologna, kwa hiyo mtu asifike siku ya harusi.

Ukumbi tafuteni villa (jumba la kukodi) ya milimani, upande wa Fiesole au Settignano. Ulizeni kwa maandishi: lifti ipo? Chumba kizuri cha majumba haya huwa ghorofani, na ngazi za mawe hazina huruma na magoti. Visigino vyembamba navyo viachwe Dar. Vinanasa kwenye viungo vya mawe.

ZuhuraJikoni
Chakula. Ukiandika "no pork" pekee umejidanganya. Toscana, mkoa wenye Firenze, nguruwe anajificha: mafuta yake yapo kwenye baadhi ya mikate na vitafunwa, pancheta (nyama ya tumbo lake) inaanzisha mchuzi, soseji ya finocchiona huletwa kwenye sinia la mwanzo bila kuulizwa. Divai inaingia kwenye ragù (mchuzi wa nyama) na risotto (wali wao). Ini la kuku la kupaka kwenye vipande vya mkate, crostini, hulainishwa kwa vin santo, divai tamu. Kwenye vitamutamu, tiramisu mara nyingi ina Marsala (divai kali) au ramu, panna cotta ina jelatini. Kama mnafuata sana, jibini ya Parmigiano nayo hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Njia rahisi ni kufanya meza nzima samaki, tambi na mboga. Mkitaka nyama, mkataba utaje machinjo ya halali yenye cheti na jina la bucha, na sufuria zisichanganywe. Bistecca ya Firenze msiwape wazee: ni pande la nyama ya ng'ombe la kilo moja na zaidi, nje imeungua, ndani damu. Ukiomba iive kabisa mpishi ananuna, na inatoka kama soli.

Waambieni wageni mapema kwamba mkate wa Toscana hautiwi chumvi. Vinginevyo kila meza itamwita mhudumu kulalamika.

Na muda: Juni jua linazama karibu saa 3 usiku. Wapishi wanapenda kuanza chakula saa 2, ina maana Magharibi inaingia katikati ya tambi. Panga viburudisho bustanini hadi adhana, chumba cha kuswalia kiwe tayari na maji ya udhu karibu, halafu watu wakae mezani mara moja.

Mpambaji_Kariakoo
Kuna kitu hakuna anayekitaja: umeme. Baadhi ya villa zina mkataba wa kilowati 3, kama nyumba ya kawaida. Mashine ya kukaushia nywele ni kilowati 2. Dada wawili wakiwasha pamoja huku jikoni oveni inawaka, nyumba nzima giza, na swichi kuu ipo kwenye kibanda kilichofungwa kule getini. Ulizeni kilowati ngapi, na muziki uwe na jenereta yake. Plagi za Tanzania haziingii huko, bebeni adapta kama kumi.

Muziki una kibali pia, hulipwa SIAE, shirika la hakimiliki la Italia, na villa itawaambia saa ya kuzima sauti nje.

Michango: kamati ya Dar isichangishe watu kwa pilau ambalo halitawafikia. Michango yote iende kwenye walima wa Tanga. Firenze gharamieni wenyewe.

Binti_Chumbageni
Nimeelewa, Firenze inakuwa sherehe tu. Swali la mwisho: villa moja inataka asilimia 30 sasa hivi, wameiita *caparra*, na idadi ya chini wageni 35. Nilipe?

Karani_wa_Boma
Usilipe kwa idadi hiyo. *Caparra confirmatoria* na *acconto* ni vitu viwili. Acconto ni malipo ya awali tu. Caparra, kwa kifungu cha 1385 cha sheria yao ya kiraia, ukijitoa wewe inaliwa, wakijitoa wao wanakurudishia mara mbili. Inakulinda, lakini inakufunga pia.

Una wageni wasiopungua 24 wanaotegemea viza. Wakinyimwa 10, unabaki na 28 na utalipia sahani saba zisizo na mtu. Omba idadi ya chini iwe 22, nafasi hadi 40, idadi kamili itolewe siku 14 kabla. Omba pia mstari unaosema kunyimwa viza kwa maharusi wenyewe kunahamisha tarehe bila kupoteza caparra. Wakikataa idadi lakini wakakubali mstari huo, bado ni mkataba wa kufikiria. Wakikataa vyote viwili, milima ya Fiesole ina villa nyingine.

ZuhuraJikoni
Na kwenye oda ya zawadi za wageni usiandike confetti ukidhani ni vile vikaratasi vya kurusha. Kwa Waitaliano confetti ni lozi zilizovikwa sukari, tano kwa kila kifuko. Vikaratasi wanaviita coriandoli.