Tupeane uzoefu: daktari wa afya ya akili amewahi kukuuliza unaonaje?

Wa Pasua: Wiki hii nilimsindikiza mdogo wangu kliniki hapa Moshi. Daktari aliniuliza mimi kama analala na kama anameza dawa, ilhali mwenyewe ameketi pembeni yangu na anasikia kila neno. Wagonjwa, na ninyi wa koti jeupe, naomba mseme.

Mkazi wa Sakina: Nilianzishiwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, hapa Arusha, nikamweleza daktari mapema kwamba taya linakaza na siwezi kutulia. Akaandika kwenye faili kwamba siutambui ugonjwa wangu. Usiku uliofuata shingo ilipinda hadi kidevu kikagusa bega, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka. Ndugu wakaamini ni mapepo, wakaniombea hadi alfajiri huku mimi nikielewa kila kitu na nikishindwa kutamka hata jina langu. Zahanati ya jirani walinichoma sindano, shingo ikarudi muda si mrefu. Kumbe ni madhara ya dawa yanayojulikana, na hutokea zaidi siku za mwanzo.

Mama Abdu: Pole sana, mwanangu. Na ulikuwa umesema!

Muuguzi Mstaafu: Pole, lakini tusibebeshwe lawama zote. Mgonjwa anayeamini kwamba chakula cha wodi kina sumu utamshirikisha katika jambo gani?

Wakili wa Njiro: Katika yote, mama, kadiri anavyotulia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na wenye ulemavu wa akili na afya ya akili wamo.

Muuguzi Mstaafu: Mkataba haukeshi wodini, wakili.

Unga Limited: Kliniki za VVU wanaoishi na virusi huwaelimisha wenzao, na sijasikia daktari aliyepoteza cheo kwa sababu hiyo. Wa akili tukifungua mdomo tunaongezewa dozi.

Shangazi Kiboriloni: Andikeni madhara kwenye daftari, mmsomee daktari.

Majengo Juu: Mimi nilipeleka daftari, ikaandikwa kwamba nina mashaka kupita kiasi. Afadhali kuvaa tai, labda ndipo utasikilizwa.

Wa Pasua: Sakina, ulibadilishiwa dawa?

Mkazi wa Sakina: Daktari mwingine alinifafanulia vidonge na sindano ya kila mwezi, akaniuliza nachagua ipi. Nilichagua sindano, kwa sababu nauza mitumba hadi usiku na vidonge huvisahau.

Muuguzi Mstaafu: Na siku ukitaka kuiacha?

Mkazi wa Sakina: Alinitaka nisiache kabla ya kuongea naye. Nikamwambia naye asibadilishe kabla ya kuongea nami. Akacheka, lakini akaandika.