Kundi la familia "Wana wa Muheza": mbwa wa Rehema

JUMAMOSI

Mama Rehema, 17:48
Asalaam alaykum. Mama shikamoo. Kaka Seif shikamoo. Nina jambo, naomba mnisaidie mawazo. Rehema ametoka madrasa mchana akamkuta mbwa kwenye mtaro huku Kihonda, Morogoro, kagongwa na bodaboda, mguu mmoja wa nyuma haukanyagi. Watoto wengine walikuwa wanamtupia mawe. Yeye kaingia mtaroni kamtoa, kamfunga kwenye kanga yangu, kamleta nyumbani.

Mama Rehema, 17:49
[Picha]

Mama Mdogo Zuhura, 17:51
Jamani! Mbavu zinahesabika.

Mjomba Seif, 17:55
Waalaykum salaam. Marahaba. Hana mwenyewe huyo?

Mama Rehema, 17:58
Nimeuliza kwa mjumbe, nimeuliza kijiwe cha bodaboda. Wanasema ni koko, kazaliwa nyuma ya mashine ya kusaga, wenzake wote wamekufa. Rehema anataka tumchukue moja kwa moja. Tangu mchana hajala.

Baba Rehema, 18:06
Shikamoo Mama. Nipo Makambako napakia, simu inashika kwa shida. Mimi sina pingamizi. Nikiwa safari nyinyi mnalala wanawake na watoto tu, na mwaka huu wezi wameshavunja dirisha la jikoni mara mbili. Ila Mama akikataa basi.

Bibi, 18:20
Huyu ni Mwajuma naandika, Bibi ndiye anasema. Anasema marahaba wote. Anasema mbwa huyo atoke leo leo.

Mama Rehema, 18:22
Sawa Mama. Lakini mguu wake Mama, hawezi hata kusimama.

Mjomba Seif, 18:31
Mama, niruhusu niseme neno. Kwetu Mashafi mbwa ni najisi, hilo halina mjadala. Chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini mwenye mifugo, shamba au haja ya ulinzi ameruhusiwa kumfuga, na mwili mkavu ukigusa mwili mkavu hakuna kilichoharibika. Akae uani, asiingie ndani, awe na sahani yake. Na kumtoa mtaroni mtoto hakukosea. Tumefundishwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Bibi, 18:37
Seif, mimi sikuuliza udongo. Nauliza, amemng'ata mtoto?

Mama Rehema, 18:38
Hapana Mama. Kasema hapana.

Bibi, 18:39
Mwite. Mtazame mikono kwenye taa.

Mama Rehema, 18:52
Mama. Ana alama mbili kwenye kiganja, karibu na kidole gumba. Alipomnyanyua mbwa alishikwa na maumivu akamng'ata. Ilitoka damu kidogo, akajifuta kwenye baibui. Alificha kwa sababu alijua tukisikia tutamfukuza mbwa.

Mama Mdogo Zuhura, 18:53
Dada, nisikilize. Sasa hivi fungua bomba, maji yatiririke juu ya kidonda, sabuni, dakika 15 kwa saa. Usikadirie. Sabuni yoyote, hata ya kufulia.

Mama Rehema, 18:54
Mama Neema jirani yuko hapa anasema tuweke kitunguu saumu na pilipili, itanyonya sumu.

Mama Mdogo Zuhura, 18:54
Usiweke kitu. Si pilipili, si mafuta ya taa, si majani. Na msikifunge. Mkimaliza kuosha mnakwenda hospitali usiku huu huu, msisubiri Jumatatu. Waambie ni mbwa asiyejulikana na damu ilitoka. Uliza chanjo ya kichaa cha mbwa, uliza na ile kinga inayochomwa pembeni ya jeraha lenyewe, na sindano ya pepopunda. Mkikuta chanjo hakuna, nipigie, nitatafuta ilipo.

Idi wa SUA (chuo kikuu cha kilimo), 18:57
Shikamooni. Baba, Shangazi, naomba msikubali mtu yeyote amuue huyo mbwa. Najua majirani watasema. Tunamhitaji akiwa hai. Mbwa ambaye mate yake yana virusi vya kichaa, ndani ya siku 10 ataonyesha dalili au atakufa. Akifika siku ya 10 anakula na kunywa vizuri, basi siku ile alipong'ata hakuwa na kitu cha kuambukiza. Lakini mtoto asisubiri hizo siku 10, sindano ianze leo.

Idi wa SUA, 18:58
Nakuja Kihonda sasa hivi na glavu na kamba. Mtu asimguse mpaka nifike.

Mama Rehema, 19:15
Dakika 15 zimetimia. Bajaji iko mlangoni.

Bibi, 19:40
[Ujumbe wa sauti, dakika 3]

Mwajuma, 19:58
Bibi kaniambia niyaandike aliyoyasema, kwa kuwa Baba Rehema hawezi kufungua sauti huko aliko. Naandika kama alivyosema.

"Mlijua nilikuwa na mdogo wangu, Athumani, mkaambiwa alikufa kwa homa. Haikuwa homa. Ilikuwa mwaka 1971, mimi nina miaka 13 na yeye 9. Tulikuwa tunatoka kuchuma machungwa, mbwa wa jirani akamng'ata kisigino. Kidonda kilikuwa kidogo kuliko hicho cha Rehema. Baba akakitia mafuta ya taa na majani, kikapona, tukasahau. Zikapita kama wiki sita. Siku moja akasema kisigino kinamwasha na kumchoma, na kovu lilishafunga zamani. Kesho yake nikampelekea maji kwenye kikombe cha bati. Alipoyaona koo likamkaza, mwili wote ukashtuka, akapiga ukelele. Nikadhani ananichezea. Alikuwa na kiu na hawezi kunywa. Siku ya nne tukamzika. Kikombe nilikishika mimi. Tangu siku ile mbwa sikumtaka karibu na nyumba yangu, na sababu sikumwambia mtu, hata baba yenu marehemu."

Mjomba Seif, 20:01
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama. Miaka yote hii.

Baba Rehema, 20:09
Nimesoma. Nimeegesha gari pembeni. Mama nisamehe, nilisema mambo ya dirisha na sikujua.

Bibi, 20:11
Huna kosa baba. Mtoto amefikishwa?

Mama Rehema, 21:26
Tumetoka sasa. Kachomwa, na pembeni ya kidonda pia kachomwa, hapo ndipo alipolia. Kadi inasema turudi siku ya 3 na siku ya 7, na tarehe nyingine wameiandika chini. Mama, ile sindano ya chanjo ni ya mkononi, begani, si za tumboni kama ulivyokuwa unahofia kwenye simu.

Bibi, 21:30
Alhamdulillahi. Yule mtoto mwingine aliyeng'atwa na mbwa yuleyule alipelekwa Tanga mjini, akachomwa tumboni siku nyingi mfululizo. Yuko hai mpaka leo. Sisi hatukuwa na nauli.

JUMAPILI

Idi wa SUA, 08:14
Ripoti. Nimemfunga uani kwenye mwembe kwa kamba ndefu, ana kivuli na maji. Anakunywa vizuri. Ni dume, kwa meno yake hajafika mwaka. Daktari wetu kaja kumwona: mguu umeteguka, haukuvunjika. Kupe tumeanza kumtoa, masikio yamejaa. Dawa ya minyoo kapewa. Chanjo yake ya kichaa itasubiri siku 10 ziishe, tusije tukachanganya dalili na homa ya sindano.

Idi wa SUA, 08:16
Rehema ruksa kumtazama kutoka ngazini tu. Chakula napeleka mimi au Shangazi, tunasukuma sahani kwa mti.

Mama Rehema, 08:40
Jana kapewa makombo ya pilau na mifupa ya kuku, sikujua kama ni makosa.

Idi wa SUA, 08:43
Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama sindano, inachana utumbo. Na vitunguu vya pilau vinamharibu damu. Mpikie ugali wa dona na dagaa, usiweke chumvi wala kitunguu. Kidogo mara tatu, tumbo lake limezoea njaa.

JUMATANO

Mama Rehema, 18:30
Rehema kachomwa ya pili jana. Mkono unauma kidogo, hana homa. Mbwa kala. Mchana kutwa anajificha nyuma ya simtanki, ukipita na fagio analala chini kabisa na kukojoa. Nimeacha kufagia upande ule. Inaniuma, mtu alimpiga sana huyu.

Bibi, 18:52
Maji amekunywa?

Mama Rehema, 18:53
Amekunywa Mama.

ALHAMISI

Bibi, 07:05
Maji amekunywa?

Mama Rehema, 07:09
Amekunywa, bakuli zima.

JUMAMOSI

Mama Mdogo Zuhura, 10:20
Siku ya 7, sindano ya tatu. Mmekwenda?

Mama Rehema, 11:47
Tumerudi sasa. Mwisho wa mstari alikuwepo baba mmoja kutoka Mvomero na mwanawe, kang'atwa wiki mbili zilizopita na ndiyo kwanza wanafika. Nimempa namba yako Zuhura, akutafute.

Mama Mdogo Zuhura, 11:49
Umefanya vizuri dada. Kuchelewa si sababu ya kuacha, bado wanachanja.

Bibi, 12:15
Amekunywa?

Mama Rehema, 12:16
Amekunywa Mama. Na leo kakanyagia mguu.

JUMANNE

Idi wa SUA, 16:33
Siku 10 zimetimia mchana huu. Anakula, anakunywa, sauti yake ni ya kawaida, hatoi mate, anageuka ukimwita. Daktari kamkagua. Mbwa ni mzima. Kachanjwa leo, kadi yake ninayo, mwakani tarehe kama hii anarudia. Mguu ukikaa sawa tutamhasi, asizurure na kupigana.

Mama Rehema, 16:35
[Picha]

Mama Rehema, 16:36
Rehema analia. Mama, mimi sitaamua. Yule mzee wa duka la pembejeo kasema anaweza kumchukua akalinde ghala. Ukisema aende, ataenda.

Mjomba Seif, 16:50
Mama, sisi wote tunakusikiliza wewe.

Bibi, 17:44
Bibi anasema alikuwa anaswali. Anasema: je, mtoto atamaliza sindano zote, hata kama mbwa ni mzima?

Mama Mdogo Zuhura, 17:46
Daktari kasema kwa kuwa mbwa kapita siku 10 angeweza kusimamisha. Mimi nimeomba amalizie, na amekubali.

Bibi, 17:51
Vizuri. Mbwa anaitwa nani?

Mama Rehema, 17:52
Hana jina. Rehema aliogopa kumpa.

Bibi, 18:03
Wafasiri wa Kurani wametaja jina la mbwa wa watu wa pangoni, Kitmiri. Aitwe hilo. Alale uani, nyumba yake iangalie barabara, mbali na tangi la maji ya kutawadhia. Mtoto asimshike akiwa anakula. Mimi nitakuja Ijumaa na basi la asubuhi, Mwajuma atanisindikiza mpaka Segera.

Baba Rehema, 18:05
Mama! Nitakuwa nimesharudi, nitakupokea stendi Msamvu.

Bibi, 18:09
Mama Rehema, huko Kihonda udongo wenu ni wa kichanga, hausugui. Nakuja na udongo wetu mwekundu, nusu ndoo. Uitafutie mfuniko.