Wamiliki wa mitambo, acheni kutukata mishahara kwa breka za mawe mlizoziua wenyewe kwa ubahili wa grisi

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Mwenzangu hapa sait, opereta wa eskaveta, amekatwa mshahara kwa sababu breka, ile nyundo ya kuvunjia mawe inayofungwa kwenye mkono wa eskaveta, imekufa. Bosi kasema "umeua mtambo wangu", basi, hakuna cha barua wala kikao. Mwisho wa mwezi kapokea pesa ambayo hata kodi ya chumba haitoshi.

Nilikuwepo fundi alipoifungua ile breka. Patasi, yaani chuma kirefu kinachogonga jiwe, ilipochomolewa, upande mmoja ulikuwa umelika hadi unang'aa kama kioo. Bushi ya chini, ile pete ya chuma inayoishika patasi ikae katikati, imeisha, ukiingiza patasi inacheza huku na huku. Na grisi iliyokuwemo ni ile ya bearingi za magurudumu, imeyeyuka, ikachanganyika na vumbi la mawe, ikawa tope jeusi. Fundi alilisugua kati ya vidole tukasikia linakwaruza. Lile tope ndilo lilikuwa linasaga chuma mchana kutwa. Bushi ikishalika, patasi inakaa upande, pistoni inayoigonga kwa juu inaipiga kwa pembeni badala ya katikati, na hapo mikwaruzo ya pistoni haikwepeki. Sasa niambieni, opereta kaingiaje hapo?

Grisi ya breka ni nyingine kabisa. Ina grafaiti au shaba au molibdenamu ndani yake kwa sababu patasi inachemka vibaya sana, na grisi ya kawaida inakimbia ikawa maji. Vitabu vya breka nyingi vinasema ipakwe kila baada ya saa mbili hivi za kazi, na kazi ikiwa nzito basi mapema zaidi. Hata namna ya kuipaka ina utaratibu: breka isimame wima, patasi ikandamizwe chini mpaka irudi juu iguse pistoni, ndipo upige bomba la grisi. Ukiipaka breka ikiwa inaning'inia, grisi inajaa nafasi ya kati ya patasi na pistoni, na pigo la kwanza tu linaweza kupasua sili, yaani mpira wa kuzuia kuvuja. Hayo tunayajua, na ni kazi ya dakika chache.

Lakini opereta akisimamisha mashine apake grisi, simu inapigwa: "Mbona sisikii breka inagonga?" Akiomba kopo la grisi anaambiwa ile ya kwenye pipa inatosha. Akisema bushi zimeisha, anajibiwa tumalize kwanza oda ya kokoto. Mwezi unakatika, oda inafuata oda, bushi ni zile zile. Halafu breka ikisimama, anatafutwa wa kulipa.

La naitrojeni ndilo linanitisha zaidi. Breka nyingi zina gesi ya naitrojeni kwa nyuma inayosaidia pigo, na ikipungua breka inagonga kinyonge na hozi zinarukaruka. Kuna bosi mmoja aliagiza tujaze oksijeni ya mtungi wa mchomeleaji kwa sababu "gesi ni gesi". Oksijeni ya presha ikikutana na oili inalipuka! Fundi alikataa, akaambiwa ana kiburi. Jamani, pale pembeni kulikuwa na vijana wa kibarua wanakula chakula cha mchana.

Sijagusa kapla, kile kishikio cha kufungia kijiko au breka kwenye mkono wa eskaveta, ambazo pini yake ya usalama ni kipande cha nondo, huku watu wanapita chini ya kijiko. Wala hozi ambazo breka ikifunguliwa zinafungwa kwa kipande cha kiroba, vumbi linaingia, linaenda moja kwa moja kwenye pampu ya eskaveta. Vifuniko vyake ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na pampu.

Wapo waopereta wazembe, silikatai hilo. Kuna wanaotumia patasi kupindulia mawe, wanaopiga hewa jiwe likishapasuka, wanaogandamiza sehemu moja dakika nzima wakati ikipita nusu dakika bila kupasuka unatakiwa uhame. Hao wabanwe, lakini kwa utaratibu wa sheria.

Na utaratibu upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata tu kwa kauli yake. Ili ukatwe kwa uharibifu, lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, uelezwe kwa maandishi chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Mwenzangu kakatwa zaidi ya nusu, kwa mdomo tu!

Waopereta wa Lugoba, Kunduchi na kokote mnakovunja mawe, kila mkiomba grisi au bushi andikeni kwenye daftari la mtambo, tarehe na saa za mashine, na msimamizi asaini. Akikataa kusaini, piga picha ukurasa umtumie kwenye simu yake, ibaki huko. Breka ikifunguliwa hakikisha upo, na piga picha patasi, bushi na pistoni kabla hazijaoshwa kwa dizeli.

Mwenzangu anapeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, maana mwisho wa kulifikisha ni siku 60 tangu mgogoro uanze. Aliyewahi kwenda huko kwa kesi ya kukatwa sababu ya mtambo, aseme hapa alitakiwa kupeleka ushahidi gani, na kama maelezo ya fundi ya maandishi yalipokelewa. Wenye mitambo nanyi mpo humu, mnasoma. Jibuni: mara ya mwisho mlinunua lini kopo la grisi ya breka?